Konrodi na pistoni za EJ20 zisizo na alama: nitajuaje ni metali gani?

TurboNyakato
Wakuu, habari za jioni. Nimepata seti ya konrodi 4 (fito zinazounganisha pistoni na krenki), pistoni 4 na valvu 16 za Subaru EJ20 turbo, zilizotumika. Muuzaji anasema konrodi ni foji (za kufua) ya chuma cha 4340, pistoni ni aluminiamu ya 2618 na valvu ni titani kwa kuwa zina rangi ya dhahabu. Hakuna boksi, hakuna karatasi, na nembo hazisomeki. Injini ni ya mbio, busti (shinikizo la turbo) 1.3 bar. Naweza kuthibitisha nini hapa Mwanza bila kuziharibu? Na je, kupima kwa cheche za grenda kunatosha?

Kereza_Igoma
Mkuu, grenda iwe ya mwisho. Cheche zitakutenganishia chuma, chuma cha kusubu na titani, lakini 4340 na 4140 (aloi mbili za chuma) zinatoa cheche zinazokaribiana mno. Hata mwenye jicho zuri anahitaji kipande cha sampuli anachokijua pembeni. Isitoshe, mkwaruzo kwenye mwili wa konrodi ndipo ufa unapoanzia. Ukilazimika, gusa kile kinundu cha kupunguzia uzito chini ya kifuniko cha bigendi (upande mkubwa wa konrodi) tu, kisha sawazisha uzito wa zote nne upya. Aluminiamu usiiguse na jiwe kabisa, inaziba jiwe.

Anza kwa macho. Konrodi ya kusubu huwa na mstari mwembamba wa kalibu ubavuni. Ya kufua huwa na mstari mpana, milimita kadhaa, uliobaki baada ya kukatwa makombo ya kufulia. Ikiwa imekerezwa mwili mzima hutaona mstari wowote, na hapo macho yamefika mwisho.

Halafu pima msongamano. Tafuta mzani wa jikoni wa kilo 3 unaosoma gramu 0.1. Toa beringi, osha konrodi kwa petroli, kausha, pima. Weka jagi la maji juu ya mzani, bonyeza sifuri, kisha ning'iniza konrodi kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa jagi. Namba inayosoma ndiyo ujazo wake kwa mililita. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Mfano: gramu 540 kwa 69 ni gramu 7.83 kwa mililita, basi ni chuma. Titani ya 6Al-4V (aloi yake ya kawaida) ni 4.43, aluminiamu ni karibu 2.7. Bushi ya shaba kwenye smolendi (upande mdogo, wa pini) hupandisha jibu kidogo, usishtuke.

Njia hii haikwambii ni chuma cha aina gani. Inakwambia tu kama umeuziwa kitu cha jamii nyingine.

MaabaraYaZiwa
Kwa jina la chuma chenyewe unahitaji bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwa eksirei. Mwanza ni mji wa dhahabu, kwa hiyo mashine hizi zipo kwa wanunuzi wa dhahabu na kwenye maabara za madini. Shida ni kwamba nyingi zimepangwa kusoma dhahabu na fedha. Uliza mapema kama ina programu ya aloi. Ukisomewa kwa programu ya dhahabu, namba za nikeli na molibdeni zisikudanganye.

Safisha sehemu ya ukubwa wa shilingi kwa msasa mpya, ambao haujagusa chuma kingine, kwenye kile kinundu alichotaja Kereza. Kwa 4340 tafuta nikeli 1.65 hadi 2.00, kromiamu 0.70 hadi 0.90 na molibdeni 0.20 hadi 0.30, zote kwa asilimia. Nikeli ikikosekana huku kromiamu ikiwa 0.80 hadi 1.10 na molibdeni karibu 0.20, hiyo ni 4140. Molibdeni nayo ikikosekana, unashika chuma cha bei rahisi zaidi cha kromiamu tupu.

Na hapa wengi wanateleza: XRF ya mkononi haisomi kaboni, wala haijui konrodi ilipikwa na kupozwa vipi. 4340 iliyopozwa vibaya ni chuma laini chenye jina zuri.

Kuhusu valvu: rangi ya dhahabu mara nyingi ni ganda la titani naitraidi juu ya chuma. Bunduki ikilenga ganda itaandika titani, na muuzaji atafurahi. Weka sumaku kwenye shina. Ikishika, si titani. Isiposhika usishangilie bado, maana valvu nyingi za moshi za 21-4N na zile za Inconel (aloi za kustahimili moto) hazishiki sumaku pia. Rudi kwenye maji: titani karibu 4.4, nyingine ziko juu ya 7.5.

MzeeWaValvu
Naongeza la usalama, tafadhali mlizingatie. Valvu ya moshi usiikate kwa msumeno kutafuta ukweli. Baadhi ya valvu za injini za turbo zina shina tupu lenye sodiamu ndani, na sodiamu ikikutana na maji hulipuka. Pia kichwa kilichotengenezewa valvu za titani kinaweza kuwa na siti (viti vya valvu) za shaba yenye berili. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa usiopona. Siti ya rangi ya shaba usiyoijua, usiisage.

TurboNyakato
Asanteni sana wakuu. Sumaku imeshika mashina yote 16, kwa hiyo titani imeondoka mezani. Konrodi 7.8. Pistoni nazo? Zote ni aluminiamu, sumaku haisaidii.

Kereza_Igoma
Pistoni ndizo zinazohitaji umakini zaidi, kwa sababu nafasi ya kuzifunga (mwanya kati ya pistoni na silinda) inategemea jibu. 2618 ina silikoni kidogo sana na inatanuka zaidi ikipata moto. 4032, aloi nyingine ya pistoni, ina silikoni karibu asilimia 12 na inatanuka kidogo. Kwa silinda ya milimita 92 yenye turbo, 2618 huachiwa takriban milimita 0.08 hadi 0.10, na 4032 karibu 0.05 hadi 0.06. Ukiifunga 2618 kwa nafasi ya 4032, sketi itakwaruza silinda ikipata moto. Ukikosea upande wa pili, pistoni itagonga ikiwa baridi na ringi hazitatulia.

Maji yanaweza kuzitenganisha, ila kwa shida. 2618 ni karibu 2.76, 4032 ni karibu 2.68. Pistoni ya gramu 340, bila pini, klipu wala ringi, itasoma 123 kwa ya kwanza na 127 kwa ya pili. Tofauti ni gramu 4 tu, na kiputo kimoja cha hewa kwenye tundu la oili kinakula gramu nzima. Tia tone la sabuni kwenye maji, tikisa pistoni ikiwa ndani, rudia mpaka namba isibadilike.

Kisha thibitisha kwa kemikali. Changanya gramu 10 za kostiki (ile ya kutengenezea sabuni) ndani ya mililita 90 za maji baridi; kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Vaa glavu na miwani. Tone moja ndani ya sketi, chini, mbali na tundu la pini na mifereji ya ringi, dakika 3, osha. Patakuwa peusi au kijivu. Sasa weka tone la asidi ya nitriki iliyopunguzwa nusu kwa maji, masonara wanaijua. Weusi wa shaba utaondoka na metali itang'aa: hiyo inaelekea 2618. Kijivu kikigoma kutoka, ni silikoni, yaani 4032 au pistoni ya kusubu. Suuza kwa maji mengi.

MaabaraYaZiwa
XRF pia itasaidia hapo: 2618 ina shaba karibu 2.3, chuma 1.1 na nikeli 1.0. Hizo zinasomeka hata kwa mashine inayoshindwa kuona silikoni vizuri.

MzeeWaValvu
Na bolti za konrodi, kaka, usizitumie hizo za zamani. Bolti iliyorefuka milimita 0.025 kuliko urefu wake wa awali ni ya kutupa, na urefu huo wa awali wewe huna. Nunua mpya, kaza kwa kupima zinavyorefuka, kisha pima tena uduara wa bigendi maana bolti mpya huibadilisha. Ukichagua bolti za chuma cha L19, zikae kwenye oili na usizishike kwa mikono mitupu. Unyevu huzipasua, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu wa kutosha. Bolti za ARP2000 zinatosha kwa busti hiyo.

Kabla ya kufunga chochote, konrodi zipimwe nyufa kwa unga wa sumaku, na pistoni kwa rangi ya kupenya, hasa kuzunguka tundu la pini.