Ushauri: Kuingia Fenway Park, Boston, wikiendi ya marathoni tukiwa watu wanne

Kipepeo_Arusha (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu. Aprili tutakuwa Boston kwa ajili ya marathoni ya Jumatatu, na kwa kuwa timu ya besiboli ya huko, Red Sox, huwa nyumbani wikiendi hiyo tungependa kuingia uwanja wake, Fenway Park, walau mara moja. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka 7 na mama mkwe, ambaye ngazi nyingi zinamtesa magoti. Besiboli hatuijui kabisa.

Naomba kujua: mechi ya Jumatatu asubuhi na marathoni vinawezekana siku moja? Viti gani vya bei ya kawaida vinafaa? Kadi zetu za benki za huku zitakubali? Na chakula je, maana sisi ni Waislamu.

MzeeWaBesi

Karibu mkuu. Nianze na la Jumatatu kwa sababu ndilo linaloharibu mipango ya wengi.

Jumatatu hiyo ya marathoni, sikukuu iitwayo Patriots' Day, mechi huanza saa 5:10 asubuhi (kwenye tiketi itaandikwa 11:10 AM). Miaka ya karibuni wanaume wa mbele kwenye marathoni wameanza saa 3:37 asubuhi na wanawake saa 3:47. Sasa piga hesabu. Mwaka 2025 John Korir alishinda kwa 2:04:45, Alphonce Simbu wetu akiwa wa pili, maana yake walimaliza karibu saa 5:42. Sharon Lokedi alikimbia 2:17:22, rekodi ya wanawake ya njia hiyo, akamaliza saa 6:04 mchana. Kenmore Square, hatua chache kutoka uwanjani, iko takriban maili moja kabla ya mwisho, kwa hiyo wanaume hupita hapo kama saa 5:37 na wanawake karibu saa 6 kamili.

Muda huo wote wewe utakuwa ndani ya uwanja, iningi (awamu ya mchezo, ziko 9) ya pili au ya tatu. Hutawaona. Mechi itaisha saa 7 na nusu hadi saa 8 mchana, utatoka uwakute wakimbiaji wa kawaida, wanaotumia saa nne na zaidi. Nao wanastahili kushangiliwa, lakini kama umetoka Arusha kumwona Mtanzania akipambana mbele, usinunue tiketi ya Jumatatu. Kwanza ni mojawapo ya mechi zinazogombewa zaidi katika msimu, na bei inafuata huko huko.

Nunua ya Jumamosi au Jumapili. Jumamosi mara nyingi huwa saa 10:10 jioni, Jumapili saa 7:35 mchana. Kwa mtoto na mama mtu mzima nachagua Jumapili bila kusita: katikati ya Aprili Boston mchana ni nyuzijoto 12 au 13 hivi, jua likizama inashuka hadi 5 na upepo juu yake.

Fundi_Viti

Naunga mkono Jumapili. Niingie kwenye viti, maana Fenway hakufanani na viwanja vipya. Ulifunguliwa Aprili 20, 1912, ndio mkongwe kuliko vyote vya ligi kuu, na ulibanwa katikati ya mitaa iliyokuwapo. Ndiyo sababu ukuta wa kushoto, ule wa kijani, una urefu wa mita 11.3: uko karibu mno na mpigaji, futi 310 tu (mita 94) kwa kibao chao, ikabidi uende juu. Kwa hiyo uzuri wake na kero zake vinatoka mahali pamoja.

Kero ya kwanza ni nguzo. Sehemu iitwayo Grandstand ina paa, na paa limebebwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watazamaji. Ukikaa nyuma ya nguzo unaweza kukosa kumwona mrushaji au mpigaji, na hawa wawili ndio mchezo wenyewe. Tiketi zenye tatizo kubwa huandikwa "Obstructed View". Ukiona maneno hayo, achana nayo hata kama bei inavutia. Zile ambazo nguzo inakata kipande kidogo tu huenda zisiandikwe chochote, hivyo kabla ya kulipa tafuta mtandaoni picha zilizopigwa kutoka seksheni na safu hiyo hiyo. Watu wamezipandisha kwa maelfu.

Kero ya pili ni mwelekeo. Seksheni za Grandstand zimepewa namba kuanzia 1 kulia kabisa, zinazunguka nyuma ya mpigaji, hadi 33 kushoto. Seksheni 1 hadi 8 au 9 viti vyake vinatazama katikati ya uwanja badala ya kumtazama mpigaji. Utageuza shingo kushoto mechi nzima, na mama ataondoka na shingo inayouma juu ya magoti. Nyingi za bei rahisi zinatoka huko, na sababu ndiyo hiyo.

Kero ya tatu: viti vingi vya Grandstand ni vya mbao, vya tangu ukarabati wa 1934. Vyembamba, na nafasi ya miguu ni finyu. Mtu mrefu akae pembeni mwa njia.

Kwa familia yako ningetafuta hivi: Grandstand seksheni 13 hadi 29, safu ya 4 hadi 9, viti vinne vilivyo mwanzoni mwa safu, karibu na njia. Safu ya 1 hadi 3 mbele yake kuna njia ya wapitaji, kila mwenye kwenda kununua soda atakukatia mandhari. Ukipanda zaidi ya safu ya 10 ngazi zinaongezeka, na mipira inayopaa juu sana inapotelea kwenye paa. Kama hamtaki kukaa karibu na walevi, angalieni seksheni 32 na 33 chini ya ukuta wa kijani, ambako pombe hairuhusiwi. Kutoka pale eneo la mpigaji na mrushaji unaliona vizuri, ila kona iliyo upande wako itakuficha baadhi ya mipira.

Na kama magoti yako katika hali mbaya, usihangaike na safu. Wakati wa kununua chagua viti vya wenye mahitaji maalumu, vina njia isiyo na ngazi, na mwenzake anaweza kukaa naye.

Jua_Kali

Fundi, mbona hukuwatajia viti vya wazi nyuma ya uwanja, vile vinavyoandikwa Bleachers? Aprili chini ya paa ni baridi ya jokofu hata mchana. Bleachers, seksheni 34 hadi 43, hakuna paa, hakuna nguzo, jua linakuwasha tangu mwanzo. Na mtoto atafurahi kukiona kiti chekundu kimoja katikati ya vya kijani: seksheni 42, safu 37, kiti 21. Ndipo ulipodondoka mpira uliopigwa na Ted Williams, mchezaji wa Red Sox, mwaka 1946, unaopimwa futi 502, zaidi ya mita 150.

Fundi_Viti

Jua nakubaliana nalo. Ila safu zinapanda hadi karibu 50 na ngazi ni kali, mama mkwe hapati unafuu. Halafu mechi ya jioni huko jua linalozama linakuchoma machoni moja kwa moja. Kwa vijana wawili mchana, sawa kabisa. Kwa hawa wanne, hapana.

BintiMwambao

Kadi na tiketi, ndugu mleta mada, hapa watu wa kwetu hukwama.

Tiketi ni ya simu tu, ndani ya programu ya MLB Ballpark. Fungua akaunti ukiwa nyumbani, kwa barua pepe ile ile utakayonunulia. Picha ya skrini usiitegemee getini. Weka tiketi kwenye pochi ya simu usiku wa kuamkia mechi, mkiwa na Wi-Fi ya hoteli, kwa sababu watu zaidi ya 37,000 wakijaa pale mtandao unalegea. Mnunuzi mmoja akishika tiketi zote nne ni sawa mkiingia pamoja. Mkitengana, mtumie mwenzako yake ndani ya programu mapema.

Malipo: uwanjani hawapokei noti. Dola za mfukoni hazitakununulia hata maji. Kadi pepe ya M-Pesa ni nzuri kwa kununua tiketi mtandaoni, lakini kaunta inahitaji kadi ya kugusisha au kuchomeka. Beba Visa au Mastercard ya plastiki, na kabla ya safari waambie benki wafungue matumizi ya nje ya nchi. Kadi ikikataliwa mtandaoni ilhali hela ipo, mara nyingi chanzo ni kisanduku cha msimbo wa posta wa Marekani: kadi yako haina msimbo huo, mfumo unadhani ni wizi. Jaribu kubadilisha nchi kwenye fomu ya malipo kabla ya kurudia, maana ukikosea mara kadhaa benki yenyewe huifunga.

Bei ya chakula ukutani haina kodi ndani yake. Boston chakula kilichopikwa huongezwa asilimia 7.

Kuhusu halali: hesabuni kwamba nyama yote uwanjani na mitaani nje si halali, na soseji za Kiitaliano zinazonukia Lansdowne Street ni za nguruwe, zinakaangwa bati moja na vitunguu na pilipili hoho. Angalieni na supu nyeupe ya kome, watu wengi hudhani ni samaki tu, lakini kwa mapishi ya huko mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe ya chumvi. Bisi, karanga za maganda, aiskrimu na pizza ya jibini ndivyo vya kutegemea. Chipsi ulizia mafuta yake. Afadhali mle kabla ya kwenda.

Kipepeo_Arusha

Ahsanteni sana, tumeamua Jumapili. Je, begi la mtoto na majaketi? Tutafikia karibu na South Station. Na mvua ikinyesha?

MzeeWaBesi

Begi lisizidi inchi 12 kwa 12 kwa 6, sawa na sentimita 30 kwa 30 kwa 15, na mabegi ya mgongoni wanayarudisha. Begi la dawa au la nepi hukaguliwa na kupita. Kanuni hizi hubadilishwa, zisome kwenye ukurasa wa klabu wiki ya mechi. Majaketi vaeni, msiyabebe. Kila mmoja tabaka tatu, kofia ya sufu kwa mtoto, na kipande cha blanketi cha kukalia, maana ubao wa 1934 unapitisha baridi.

Mvua: hakuna anayerudishiwa hela kwa kunyeshewa. Zikishachezwa iningi 5 mechi inahesabika na tiketi yako imetumika. Ikiahirishwa kabla haijaanza, tiketi inahamia siku ya marudio, ambayo kwa mgeni huenda ikawa Julai, nyie mko Arusha. Hii ndiyo sababu nyingine ya kununua Jumapili mapema na siyo Jumatatu ya mwisho wa safari. Mwavuli wazi unamziba wa nyuma, kwa hiyo nunueni makoti mepesi ya plastiki.

Mtoto akae upande wa ndani, na macho yasitoke uwanjani mrushaji anapojiandaa. Mpira una gramu 142 hadi 149 na unarushwa kwa kilomita 150 kwa saa. Nyavu zipo nyuma ya mpigaji na pembeni, lakini hazifiki hadi mwisho wa uwanja. Ukidakwa mikononi mwako, ni wako, nenda nao nyumbani.

RamaniMkononi

Usafiri: South Station pandeni treni ya Red Line hadi Park Street (vituo viwili), shukeni ngazi moja... hapana, pandeni ngazi moja, Green Line iko juu ya Red Line pale. Mchukue B, C au D kuelekea magharibi hadi Kenmore. E msiipande, inachepuka Copley na haifiki. Kituo kinachoitwa Fenway kipo kwenye D, lakini Kenmore ndicho cha karibu. Nauli dola 2.40, gusisheni kadi ya benki. Kutoka Kenmore ni dakika 5 kwa mguu.

Mageti hufunguliwa dakika 90 hivi kabla. Ingieni mapema, mtoto aone wachezaji wakifanya mazoezi, na mama apande taratibu. Kurudi, msikimbilie Kenmore iningi ya 9 inapoisha, foleni inashuka hadi barabarani. Kaeni vitini dakika 20, au kwa wenye magoti mazima tembeeni hadi kituo cha Hynes. Na Jumatatu ya marathoni kumbukeni Copley hufungwa siku nzima.

Mwalimu_Raunda

Mchezo kwa kifupi. Aliyecheza raunda shule ya msingi Kenya anajua nusu tayari. Iningi 9, kila timu inapiga hadi watu wake 3 watolewe, kisha wanabadilishana. Mpigaji akikosa mara 3, katoka. Mrushaji akirusha vibaya mara 4, mpigaji anakwenda besi (kituo) ya kwanza bure. Akizunguka besi zote nne ni pointi moja. Hakuna sare, zinaongezwa iningi. Tangu 2023 mrushaji ana saa: sekunde 15 besi zikiwa tupu. Mechi zilizokuwa zinapita saa 3 sasa ni saa 2 na dakika 40 kwa wastani.

Ukutani kushoto mwonyesheni mtoto ubao wa matokeo: namba zinabadilishwa kwa mkono na mtu aliye ndani ya ukuta. Na katikati ya iningi ya 8 uwanja mzima unaimba, msiondoke kabla.

Kaka_wa_Magharibi

Wakuu, tiketi za Fenway zikiwashinda bei, kuna uwanja wa Polar Park mjini Worcester, ambako tangu 2021 inacheza timu ya daraja la chini inayolea wachezaji wa Red Sox. Treni ya mkoa kutoka South Station, takriban saa moja na nusu, kisha mwendo mfupi kwa mguu kutoka kituoni. Uwanja ni mpya, hauna nguzo, na bei iko chini sana. Na kama mnachotaka ni kuuona Fenway tu, kuna ziara ya kuongozwa ya saa moja karibu kila siku. Siku yenye mechi, ziara ya mwisho huanza muda wa saa tatu kabla ya mchezo kuanza, hivyo Jumapili ya saa 7:35 mwe mmeshaingia mapema asubuhi.