Albamu ya kundi iko tayari, meneja anawataka wawili tu. Tufanyeje?

Prodyuza wa Igoma
Habari zenu wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Natengeneza biti hapa Igoma, Mwanza. Kundi letu lina watu sita, wachanaji watano na mimi. Albamu yetu ya kwanza imebaki miksi tu. Naiamini kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Sauti nyingi humo nimezirekodi mwenyewe soko la Mwaloni, Kirumba: wapagazi wakipiga kelele wapishwe, dagaa wakimwagwa kwenye turubai, kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Huo mlio wa kasia ndio snea, ule mdundo mkali wa biti, ya wimbo wa kwanza. Kuna sehemu mbili pia nimekata maneno kwenye mikanda ya zamani ya filamu za kung fu za Kichina.

Sasa kuna meneja kasikia ngoma tatu, anataka kuwasaini wawili: binti wetu anayechanganya Kiswahili na Kisukuma, na kijana mmoja mwenye sauti nzito. Wale watatu waliobaki hana haja nao. Mkataba wake unasema wakishasaini hawaruhusiwi kusikika kwenye kazi ya mtu mwingine bila kibali chake. Hiyo inaigusa albamu nzima, maana binti yumo karibu kila wimbo.

Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanasema tuwazuie, wengine tuwaache waende na albamu tuitupe. Mimi sitaki kumfungia mtu riziki, na sitaki kazi hii ife. Naombeni ushauri.

Mtoto wa Kirumba
Mkuu, zama hizi watu wanasikiliza wimbo mmoja mmoja kwenye simu. Vunja albamu, toa singo ya binti peke yake, ikishika wengine watafuata nyuma yake.

Kaka wa Mabatini
Mtoto wa Kirumba, kwa hilo sikubaliani na wewe, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hili jambo nalipenda.

Prodyuza, isikilize upya albamu ya kwanza ya kundi la rap la Marekani, Wu-Tang Clan, Enter the Wu-Tang (36 Chambers), iliyotoka tarehe 9 Novemba 1993. Wale walikuwa tisa, wa Staten Island, New York. Prodyuza wao RZA na binamu yake GZA walishawahi kutoka kila mtu kivyake mwaka 1991, kwenye lebo, yaani kampuni za muziki, na hawakufika popote. Ndipo wakarudi mtaani wakakusanya wenzao. Mwaka 1992 wakaitoa Protect Ya Neck wenyewe kabla lebo haijawashika. Yaani wale walijaribu njia anayokushauri ndugu hapo juu, ikawashinda, kundi ndilo likawainua.

Kilichonifanya niandike ni mkataba. Waliposaini na lebo ya Loud, RZA alisimamia sharti moja: kundi ni la Loud, lakini kila mwanachama ana ruhusa ya kusaini peke yake na lebo yoyote anayoitaka. Method Man akaenda Def Jam, Ol' Dirty Bastard akaenda Elektra, GZA akaenda Geffen, Raekwon akabaki Loud. Kila mmoja alipotoa albamu yake jina la kundi lilipanda, na RZA ndiye aliyekuwa akitengeneza sehemu kubwa ya biti za hizo albamu. Kwa hiyo swali la kuwazuia au kuwaachia wao walishalijibu: waachie, ila kwa karatasi inayolinda kundi.

Na albamu yenyewe haikulipuka siku ya kwanza. Kwenye chati ya Billboard 200 iliishia nafasi ya 41. Platinamu, yaani nakala milioni moja, ikaja 1995. Mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye rejista ya rekodi za kuhifadhiwa. Kazi ya namna hii inahitaji muda.

Hata hapa nyumbani yapo. Kundi la Hard Blasters lilitoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000, ndani yake kuna wimbo wa Chemsha Bongo, halafu mwenzao Professor Jay akatoka peke yake na albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Jina alilitengenezea ndani ya kundi.

Prodyuza wa Igoma
Wabeja sana kaka. Hilo la ruhusa ya kutoka peke yako sikulijua. Ila meneja huyu hana habari ya kundi kabisa, atakubalije?

Dada wa Nyegezi
Mdogo wangu, nimesoma sheria na mikataba ya wasanii huwa inanipitia mezani, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Kwanza, kabla binti hajasaini chochote, nyinyi sita kaeni muandike makubaliano yenu. Taja kila wimbo, nani kaandika vesi ipi, nani katengeneza biti, na mgawo wa kila mmoja kwa asilimia. Kila mtu asaini, kila mtu abaki na nakala. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haki inaanza pale kazi inapotengenezwa, hata bila kuisajili, lakini ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unakuwa na ushahidi mkononi. BASATA, baraza la sanaa, nako msajili kundi kama kundi.

Pili, kwenye mkataba wa meneja kiingizwe kifungu kwamba kazi zote zilizorekodiwa kabla ya tarehe ya kusaini haziguswi, na orodha ya nyimbo iambatanishwe. Hapo albamu yenu imetoka kwenye mikono yake. Kisha kiongezwe kingine kinachomruhusu binti kurekodi na kupanda jukwaani na kundi. Meneja mwenye nia njema hatakuwa na shida na hayo mawili. Akikataa hata orodha ya nyimbo za nyuma, binti aache.

Hayo ya mikanda ya Kichina yatoe. Huna kibali, na wimbo ukianza kuingiza hela ndipo mwenye mali anapojitokeza. Sauti za Mwaloni ni rekodi zako mwenyewe, ziache.

Kaka wa Mabatini
Naongezea hapo kwa dada. Hata ile albamu ya Wu-Tang ya 1993 ina maneno ya filamu za kung fu, na yaliingia vizuri kwa sababu wale jamaa walikulia kwenye zile filamu, kama sisi tulivyozitazama kwenye mabanda ya video. Wewe umekulia na ziwa. Wapagazi wako wanatosha.

Jambo jingine. RZA aliwashindanisha wachanaji wake kwenye biti, anayechana vizuri ndiye anayeingia kwenye wimbo. Ndiyo maana Masta Killa ana vesi moja tu albamu nzima, na hakuna mstari uliolegea. Kama binti yumo karibu kila wimbo, jiulize kama wengine walipigania nafasi au walimwachia. Meneja kasikia ngoma tatu akaona watu wawili. Huenda hao watatu hujawatoa vizuri bado.

Mtoto wa Kirumba
Kaka, hoja ya mkataba nimeielewa na naikubali. Ila singo moja ya kutangulia bado wanaihitaji. Itoke kwa jina la kundi, wawemo wote watano.

Prodyuza wa Igoma
Hiyo ya wote watano ipo, ni ile yenye kasia. Nimewapigia wenzangu, Jumapili tunakaa kwangu na daftari la mgawo. Vesi mbili za binti nitazifungua upya, watatu waliobaki wazishindanie, na yeye mwenyewe kaunga mkono. Maneno ya Kichina nimeshayatoa leo.

Dada, nikikutumia rasimu ya makubaliano utaipitia?

Dada wa Nyegezi
Itume. Ya kundi nitaipitia mimi. Huo wa meneja, binti autafutie mwanasheria wake mwenyewe, asinitumie mimi wala asimtumie wa meneja, kwa sababu kuna siku maslahi yake na ya kundi yatapishana. Na kwenye rasimu usisahau kuandika jina la kundi ni mali ya nani iwapo mmoja ataondoka. Hicho ndicho kifungu ambacho watu hukiruka, kisha wanakigombania miaka.