MJADALA: Popol na Kupa, Nita na dubu wake, au Skeleton King: nani anabaki amesimama?

Mtoa mada

Wadau, tulimalize hili. Karibu kila gemu la simu lina mpiganaji anayeita viumbe wampiganie, na kila shabiki anadai wa kwake ndiye kiboko. Naleta watatu: Popol na mbwa mwitu wake Kupa (Mobile Legends), Nita na dubu wake (Brawl Stars), na Skeleton King (Clash Royale).

Masharti: mmoja kwa mmoja, uwanja tambarare, hakuna mnara, hakuna kichaka, hakuna mwenza, kila mtu leveli ya juu kabisa ya gemu lake.

Msimamo wangu ni Popol. Kupa yupo tangu sekunde ya kwanza. Nita hana dubu mpaka apige adui vya kutosha kujaza Super (uwezo wake mkubwa), na Skeleton King hana hata mfupa mmoja (askari wake wa mifupa) mpaka alipie eliksiri, ile nishati inayojaa taratibu kwenye Clash Royale.

Dubu Mwekundu

Mkuu, umepanga masharti yanayombeba mtu wako halafu unaita mjadala. Umeng'oa vichaka vyote, na Nita ni mtu wa kuvizia karibu. Sawa, nakubali uwanja huo huo, lakini tazama kitu kimoja: shambulio la Nita ni wimbi linalopenya. Linampiga wa mbele na kuendelea hadi wa nyuma. Kupa akisimama mbele ya Popol, wimbi moja limewagusa wawili. Kama Kupa anahesabiwa kuwa adui, kila wimbi linajaza Super maradufu. Popol anakuja na chakula cha dubu mwenyewe.

Mtoa mada

"Kama Kupa anahesabiwa." Hilo neno "kama" umelipitisha haraka sana.

Mhesabu

Kabla hamjaendelea, tuweke kanuni ya kubadilisha namba, maana bila hiyo tutabishana mpaka kesho. Msilinganishe damu (uhai wa mpiganaji) moja kwa moja. Damu ya gemu moja na ya gemu jingine zote zinaandikwa kwa maelfu, lakini elfu moja ya huku si elfu moja ya kule. Njia inayofanya kazi ni kuuliza: ndani ya gemu lake, huyu anahimili mapigo mangapi ya kawaida kutoka kwa mpiganaji wa kiwango chake? Hiyo idadi ndiyo mnaibeba kwenda uwanjani, damu mnaiacha nyumbani.

Muda ni rahisi zaidi, sekunde ni sekunde kote. Clash Royale eliksiri moja inajaa kwa sekunde 2.8 katika mwendo wa kawaida. Uwezo wa Skeleton King wa kuita mifupa unagharimu eliksiri 2, yaani sekunde 5.6 akianza na chombo kitupu. Mkimtoza na gharama ya kumweka uwanjani, eliksiri 4, jumla ni 6, sekunde 16.8. Katika sekunde 16.8 Popol ameshamgeuza Kupa kuwa mnyama mkubwa.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza si nani ana nguvu. Ni je, Mfalme (Skeleton King) anaanza akiwa amesimama uwanjani au bado yuko mkononi kama kadi?

Mtoa mada

Amesimama uwanjani. Eliksiri sifuri.

Kaburi Wazi

Hapo sawa. Sasa nisikilizwe, kwa sababu mnamchukulia Mfalme kama msindikizaji.

Mifupa yake inategemea roho. Kila askari anayekufa, wa upande wowote, anampa roho. Bila roho hata moja anatoa mifupa 6. Akijaza roho zote inafika 16. Katika pambano la mmoja kwa mmoja hakuna maiti za kuokota, kwa hiyo mhesabieni 6, labda 7 Kupa akifa.

Sita inatosha kwa Popol. Mishale yake ya kawaida inampiga mtu mmoja mmoja. Kupa naye anauma mmoja. Mfupa mmoja unakufa kwa pigo moja, ndiyo, lakini ni pigo zima limepotea kwa kitu kisicho na thamani, na wakati huo Mfalme anakuja na rungu linalopiga eneo, sio mtu mmoja. Popol akimtuma Kupa kwa skili ya kwanza amng'ate Mfalme, mifupa inamfikia Popol. Akimrudisha kwa skili ya pili anapata ngao, lakini Mfalme yuko huru.

Mtoa mada

Umesahau mitego. Skili ya tatu ya Popol inatega, na anaweza kuwa na mitego 3 kwa wakati mmoja. Sekunde 5.6 za kungojea eliksiri si za kukaa bure.

Kaburi Wazi

Sijasahau. Nani anaukanyaga kwanza? Mfupa. Mtego wenyewe umeliwa na kitu cha pigo moja. Hii ndiyo faida ya wingi ambayo mashabiki wa Mobile Legends hawaipendi.

Dubu Mwekundu

Na ndiyo maana Nita anamla Mfalme asubuhi. Mifupa inachomoza kumzunguka bwana wao na kutoka hapo inakuja upande mmoja. Wimbi moja linalopenya linaifagia. Wimbi la pili linamfikia Mfalme. Super imejaa. Dubu ametoka.

Mhesabu

Punguza mwendo. Nita ana risasi 3 tu, akizimaliza anasubiri zijae moja moja. Wimbi la kwanza kwa mifupa, la pili kwa Mfalme, la tatu kumalizia Super. Akikosa moja tu, amebaki mikono mitupu mbele ya rungu. Hesabu yako inafanya kazi kwa mtu asiyekosa.

Tena dubu wa Nita haamrishwi. Anamfuata adui aliye karibu naye zaidi, basi. Mfalme akiita mifupa baada ya dubu kutoka, dubu anashughulika na mifupa huku Nita anapigwa. Kupa anatumwa na kurudishwa kwa kitufe, na kwenye uwanja mtupu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya damu.

Dubu Mwekundu

Hilo la kutoamrishwa nakubali nusu. Kifaa cha Bear Paws kinamfanya dubu apige ardhi na kuwaduwaza walio karibu naye, kwa wakati ambao Nita anauchagua. Na ukimpa Star Power (uwezo wa ziada wa kudumu) ya Bear With Me, dubu akimpiga adui Nita anapona, Nita akimpiga adui dubu anapona. Mnapigana na damu mbili zinazojazana. Huwezi kumwacha dubu ukamfuata Nita, na huwezi kumwacha Nita ukamfuata dubu.

Mtoa mada

Kupa akifa Popol anamwita tena.

Dubu Mwekundu

Akiwa amesimama palepale anamwita, mbele ya dubu. Karibu sana.

Mtoa mada

Hafiki huko. Ulti (skili kubwa ya mwisho) ikibonyezwa Kupa anageuka mkubwa, anarudishiwa damu, na wote wawili wanaongeza kasi ya mwendo na ya mashambulizi. Nita ana risasi 3. Popol mishale yake haiishi. Anarudi nyuma akipiga, dubu anabaki anakimbiza. Nita dhidi ya Popol kwenye uwanja mtupu ni kifo cha polepole kwa Nita.

Mhesabu

Kwa hiyo mpaka hapa: Mfalme anamshinda Popol kwa wingi, Nita anamshinda Mfalme kwa wimbi, Popol anamshinda Nita kwa umbali. Ni duara. Mnaotaka jina moja juu ya orodha mtasubiri sana.

Kunguru wa Oz

Samahani kuingilia. Mbona mnachagua viumbe wanaouawa tu? Fischl wa Genshin Impact ana Oz, kunguru asiye na damu kabisa. Hapigwi. Anakaa sekunde 10 na kupiga umeme hata bwana wake akiwa hayupo uwanjani. Wimbi la Nita, rungu la Mfalme, meno ya Kupa, vyote vinapita hewani.

Kaburi Wazi

Na skili hiyo inapoa kwa sekunde 25 kabla ya kutumika tena. Toa 10, zinabaki 15 ambazo Fischl ni mtu mwenye upinde tu. Mfalme kwa sekunde 15 anajaza eliksiri 5, zaidi ya gharama ya kuita mifupa. Asante kwa zawadi.

Kunguru wa Oz

Ulti yake inamtoa Oz tena katikati ya hizo 15.

Mhesabu

Ikiwa nishati imejaa. Mwenye kumleta Fischl aseme nishati anaitoa wapi bila wenzake watatu wa kikosi.

Aliye mgumu kweli kumhamisha ni wa gemu la zamu. Mchukueni Jing Yuan wa Honkai: Star Rail. Lightning-Lord, kiumbe anayempigania, anaanza na mapigo 3 na kasi 60, kila pigo linaloongezwa linampa kasi 10, mwisho mapigo 10, yaani kasi 130. Zamu huhesabiwa kwa kugawa 10,000 kwa kasi: kwa 60 ni kama 167, kwa 130 ni kama 77. Zamu inakuja mara mbili haraka zaidi na inakuja na mapigo 10. Lakini Jing Yuan akiduwazwa, Lightning-Lord naye hatendi. Bear Paws moja, mchezo umekwisha.

Dubu Mwekundu

Hatimaye mmeanza kuniletea wageni wa kula.

Kaburi Wazi

Swali kwa mtoa mada kabla hujafunga kura: pambano linaisha lini? Kwenye mechi za watatu kwa watatu Nita akiuawa dubu hubaki uwanjani anapigana. Mfalme akianguka mifupa yake inaendelea. Popol akifa, Kupa hana kazi tena. Ukisema "anayekufa kwanza ameshindwa" una mshindi mmoja. Ukisema "upande unaobakiwa na kitu kinachotembea" una mwingine kabisa.

Mtoa mada

Bwana akifa, pambano limekwisha.

Kaburi Wazi

Basi Nita na Popol wakiangushana sekunde moja, andika sare. Na Jessie wa Brawl Stars mlete raundi ijayo: risasi yake inadunda hadi kwa maadui 3, sijui nani kati ya hawa ataleta mnyama mbele yake kwa furaha.