Cheti cha kupona Corona kabla ya kupanda meli: kilikuwa kinga au usumbufu mtupu?

Mtanga wa Houston:
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao familia tunapanda tena meli ya kitalii pale Galveston, Texas, kwenda Cozumel na kurudi. Safari hii hakuna anayetuuliza habari za Corona. Nimekaa nikajiuliza kama yale ya 2022 yalikuwa na maana yoyote.

Kisa chenyewe. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, chanjo anazo. Mwishoni mwa Januari 2022 tukaugua nyumba nzima. Tukajipima wenyewe nyumbani, kipimo cha mama mistari miwili, nikakipiga picha kikiwa juu ya kitambaa cha meza alichokifuma mwenyewe. Akajifungia chumbani na tangawizi yake. Zilipofika siku kumi alikuwa mzima, anasonga ugali.

Machi, siku mbili kabla ya safari, kampuni inataka majibu hasi. Nikampeleka kliniki akapimwa PCR, kile kipimo cha maabara. Chanya! Nikawapigia simu, wakasema haina shida, aliyeugua ndani ya siku 90 anasamehewa kipimo, alete vitu viwili tu: majibu ya kwanza ya maabara yenye jina na tarehe, na barua ya daktari kwamba amepona na anaweza kusafiri. Majibu ya maabara tungeyatoa wapi? Tukaenda bandarini na picha ya simu. Dada wa kaunta akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa upole kabisa, akasema picha haina jina.

Mke wangu na watoto wakapanda. Mimi na mama tukakaa ufukweni tukiitazama meli inatoka.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: ule ushahidi haukuonyesha nani amepona. Ulionyesha nani aliugua akiwa karibu na maabara, mwenye bima na mwenye daktari. Walioumwa vyumbani kwao wakapona kimyakimya walihesabiwa kama hawajawahi kuumwa. Naomba kuwasilisha.

Baharia Mstaafu:
Pole kwa mama, mkuu. Ila mimi nimefanya kazi melini, na hapa sikuungi mkono.

Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Waliokutwa na virusi ni 712, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Mwezi uliofuata Ruby Princess ikatia nanga Sydney, abiria wapatao 2,700 wakashuka wakatawanyika mjini, na vifo 28 vikahusishwa na meli ile. Zaandam nayo ilikataliwa bandari baada ya bandari huku watu wanakufa ndani. Baada ya hapo ulitaka kampuni iridhike na picha ya kitambaa?

Halafu nyinyi abiria mnasahau nani anabaki. Wewe unashuka baada ya siku saba. Kijana anayekusafishia chumba analala chini kule, kitanda cha juu na cha chini, hewa ni ile ile, na mkataba wake ni wa miezi. Mwaka 2020 mabaharia wa meli za kila aina walikwama baharini kwa malaki, mikataba imekwisha na hakuna bandari inayowashusha. Mimi kwa ajili ya yule kijana ningedai makaratasi mawili, na la tatu juu yake.

Chizi wa Bandari:
Hahaha, kitambaa cha meza kilistahili kupewa chumba chenye dirisha.

Nesi wa Minnesota:
Naona mnabishania vitu viwili kwa jina moja. Kuna "huyu hawezi kuambukiza tena" na kuna "huyu ana kinga". Barua zile za Marekani zilihusu la kwanza tu.

PCR inatafuta vipande vya vinasaba vya kirusi na kuvizidisha mpaka vionekane. Mtu akishapona, mabaki yale yanaweza kubaki puani wiki nyingi, hata miezi mitatu, na kipimo kikayaona ingawa hayana uwezo wa kumwambukiza yeyote. Siku 90 zilitoka hapo. Hazikuwa zawadi kwa aliyeugua, zilikuwa njia ya kumtoa kwenye mtego wa kipimo chenyewe. Ulaya walikuwa na swali jingine: cheti chao cha kupona kilitumika kuanzia siku ya 11 hadi ya 180 baada ya kipimo chanya, maana wao walikuwa wanakadiria kinga. Kwenye kinga ndipo pabaya. WHO ilitahadharisha tangu Aprili 2020 kwamba hakuna ushahidi kuwa aliyepona haugui tena, na aina mpya ya kirusi, Omicron, ilipokuja tuliwaona wenyewe wakirudi kwa mara ya pili.

Barua nimeziona nyingi. Mistari mitatu, saini, basi. Daktari hakuwa na kifaa cha kumwambia kwamba fulani amepona. Alihesabu siku, akauliza kama homa imekwisha, akaandika. Ndiyo maana alitaka majibu ya kwanza, bila tarehe angeanza kuhesabu wapi?

Sasa Mtanga, nikuulize. Kwa nini hukumpima mama kipimo cha haraka? Kampuni nyingi zilikuwa zinakipokea, na wiki sita baada ya kuugua kuna uwezekano mkubwa kingesoma hasi.

Mtanga wa Houston:
Nesi umenigusa penye kidonda. Nilichagua PCR kwa sababu ndiyo iliyokuwa ghali, nikajua ghali ndiyo ya uhakika. Yalipotoka majibu nikataka kumpeleka kwingine akapimwe kile cha haraka. Lakini fomu ya afya ya kujaza kabla ya kupanda iliuliza kama kuna msafiri aliyekutwa chanya siku za karibuni. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Akaniambia, mwanangu, andika ndiyo.

Wakili wa Kijiweni:
Upande wa sheria umesahaulika. Mwaka 2021 Florida walipitisha sheria ya kukataza biashara kumdai mteja hati ya chanjo, na humo humo wakataja hati ya kupona. Faini hadi dola 5,000 kwa kila kosa. Norwegian Cruise Line wakaenda mahakamani, Agosti mwaka ule jaji akaizuia sheria isitumike kwao, na Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikaliondoa zuio hilo, majaji wawili kwa mmoja. Wakati huo hata kampuni ilishaacha kudai chanjo, ushindi wa bure. Texas nao walikuwa na sheria inayofanana.

Lakini Mtanga, kesi yako isingefika mbali. Kampuni ingejitetea kwamba haikudai cheti cha kupona. Ilidai kipimo, na cheti kilikuwa nafuu kwa anayekitaka. Ndiyo ujanja wa jambo hili: kwenye karatasi ni hiari, mbele ya kaunta ni lazima.

Baharia Mstaafu:
Hilo la fomu limenirudisha nyuma kidogo. Aliyeficha alipanda, mama aliyesema kweli akaachwa. Hapo Mtanga ana hoja, na sitaizunguka. Lakini bado hujaniambia ungeweka nini mahali pa lile karatasi.

Mtanga wa Houston:
Ningeweka kipimo cha haraka pale pale bandarini kwa kila anayepanda, abiria na mfanyakazi, kwa gharama ya kampuni. Kikisoma hasi na siku kumi zimepita tangu uugue, panda, sihitaji kujua daktari wako ni nani.

Nesi wa Minnesota:
Watakupita baadhi, kile hakikamati wote, hasa siku za mwanzo. Lakini barua ya miezi miwili iliyopita nayo haikukamata aliyeambukizwa jana. Mimi nakubali, kwa masharti: anayesoma chanya arudishiwe nauli yake yote, la sivyo watu watakohoa ndani ya mito ya kulalia wasisikike.

Mama yupo safari hii?

Mtanga wa Houston:
Amekataa. Anasema bahari anaiona bure pale Raskazone, Tanga, na hajawahi kuulizwa jina.