Tupeane uzoefu: mliosoma hesabu mtandaoni kwa kusaidiana

Mpangaji wa Umoja: Binti wa jirani yuko kidato cha nne. Jana namsikia akimwambia mwenzake, "Piga picha hilo swali utupe kwa grupu." Nikakumbuka 2020, shule zimefungwa Machi, bando la bob ishirini, picha za daftari zimepigwa gizani. Nani mwingine alipitia?

Kinyozi wa Kayole: Wacha tu. Picha inafunguka nusu, bando limekwisha, jibu liko ile nusu nyingine.

Mzee wa Logi: Mimi ni lile swali la longitudo. Miji miwili iko nyuzi 60 Kaskazini, mmoja nyuzi 20 Mashariki, mwingine 160 Magharibi. Njia fupi kabisa ni ipi? Jamaa akatandika 60 × 180 × kosaini 60, maili 5,400 za baharini. Dole gumba zikamiminika. Msichana mmoja akaandika: "Piteni juu ya Ncha ya Kaskazini." Nyuzi 30 kupanda, 30 kushuka, maili 3,600 basi. Walimtukana mpaka asubuhi mwalimu alipoingia. Hesabu haipigiwi kura.

Pembe Butu: Swali lilisema ufuate mstari wa latitudo. Usimpambe.

Mzee wa Logi: Ulikuwepo?

Pembe Butu: Karatasi ya pili ya mtihani huwa inasema hivyo.

Mzee wa Logi: Huwa. Basi hukuwepo.

Msomi wa Ngara: Wengi nao si wa kudharau. 2009 Gowers, yule mwanahisabati Mwingereza, alianika swali gumu kwenye blogu yake, kila mtu akachangia kipande. Baada ya wiki chache lilikuwa limeiva, wakachapisha kwa jina moja la pamoja, D.H.J. Polymath.

Kinyozi wa Kayole: Hao ni maprofesa. Sisi tulibishana wiki nzima kama hasi mara hasi ni chanya.

Mama Wawili: Mimi nilirudia KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kibinafsi, watoto ninao. Nasoma wakilala, simu nimeifunika leso mwanga usimwamshe baba yao. Grupuni kulikuwa na mtu anajiita Tanjenti, ana subira, kazi yako ya matrisi, zile namba za kupangwa kwenye mabano, anakurudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Usiku mmoja usingizi ukanipitia, simu ikalia. Mzee akasoma: "Leo tena saa tano? Jana tuliachia katikati." Ikaingia ya pili: "Picha ukishaziangalia futa." Jamani! Niliamshwa na taa. Nalia, "Baba, ni matrisi!" Ananiuliza, "Na huyo Matrisi naye ni nani?" Akapiga ile namba, spika juu. Ikapokewa na mama wa Githurai, sauti ya usingizi: "Kijana wangu yuko kidato cha tatu na kesho ana shule. Wewe baba mzima unamtakia nini saa hizi?" Ikawa yeye ndiye anayejieleza.

Kinyozi wa Kayole: Matrisi 😂😂 nimemkata mteja vibaya.

Mpangaji wa Umoja: Baba Wawili alisemaje?

Mama Wawili: Alizima taa.

Pembe Butu: Kumbe ulifundishwa na mtoto?

Mama Wawili: Na nikaelewa. Una neno?

Binti Pipeline: Wekeni nywila.

Kinyozi wa Kayole: Ukiweka nywila ndiyo utaachwa kabisa. Someni mchana.

Msomi wa Ngara: Anayesoma sasa asiombe jibu. Atume kazi yake, aonyeshe alipokwama. Na video za hesabu za Khan Academy, ile shule ya mtandaoni, ni za bure. Salman Khan mwenyewe alianza 2004 akimfundisha binamu yake Nadia kwa mbali, YouTube ikafuata 2006.

Mzee wa Logi: Video utazitazama na kutikisa kichwa tu. Chukua karatasi za miaka iliyopita, jedwali la logi na saa ya ukutani.

Binti Pipeline: Pakua za Khan mahali pa Wi-Fi, karatasi ufanye nyumbani. Mbona mnagombana?

Pembe Butu: Nimekaa nikaipiga ile ya miji miwili kwa kilomita, R, nusu kipenyo cha dunia, ni 6370, pai 22/7. Kwa latitudo 10,010, kwa ncha 6,673. Lakini swali lilisema latitudo.

Mzee wa Logi: Lala.