Kupanua skimu za mpunga Usangu, Mbeya: mbona vibali vya maji vipo na Ruaha Mkuu unakauka?

Mpangaji_Bonde: Wakuu, sera ikisema tuongeze hekta za mpunga, bodi ya bonde inaanzia wapi kupiga hesabu?

Fundi_Banio: Anzia shambani, mkuu. Makadirio ya kawaida ni lita 1 kwa sekunde kwa hekta. Hekta 500 ni lita 500. Mfereji wa udongo ukipoteza nusu njiani, kwenye banio (kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini) unachukua lita 1,000 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 86,400 kwa siku. Hiyo ndiyo ya kuombea kibali.

Shida iko kwenye banio lenyewe. Mabanio ya zamani ya miti na mawe yalivuja, mto ukapata chake. La zege lenye lango la chuma linaweza kunyonya karibu maji yote ya Septemba, hata kama kibali kilipigiwa hesabu ya masika. Kwa hiyo kibali kitaje kiwango cha kila msimu, na rula ya kupimia kina isomwe kila siku. Tangu 1993 mto hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Mama_Mfereji: Naongezea: msidanganyike na kusakafia mifereji. Sehemu ya maji yanayovuja hurudi mtoni au kwenye kinamasi cha Ihefu. Ukiyaokoa halafu ukafungua mashamba mapya, bwawa la umeme la Mtera, kule chini ya mto, halioni hata tone la ziada. Sera ikitoa fedha za saruji, iweke pia kikomo cha hekta.

Mpangaji_Bonde: Na kitalu cha miche ya mpunga kikianza Oktoba?

Fundi_Banio: Hapo ndipo panapouma, mto ukiwa chini kabisa. Kicheleweshweni, mvua ianze kwanza.