Mrejesho: Su-25T iliyokuwa inajilaza kushoto kwenye DCS World

Wakuu, niliuliza kwa nini Su-25T, ile ndege ya kivita ya bure kwenye DCS World (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege), inajilaza kushoto hata fimbo ikiachwa. Aliyesema "angalia mhimili uliojirudia" (mhimili ni mwendo mmoja wa kifaa, kama kulia-kushoto, unaoongoza kitu kimoja kwenye ndege) alipatia.

DCS ikiona kifaa chochote cha USB inakigawia mihimili yenyewe. Pedali zilikuwa zimepewa mlalo wa mabawa pamoja na fimbo, kwa hiyo amri mbili zinagombana. Fungua mipangilio ya vidhibiti, chagua Su-25T (kila ndege ina orodha yake), nenda kwenye mihimili, kisha futa kila kilichojirudia kwenye safu ya kifaa kisichohusika. Dakika tano tu. Fimbo ya mtumba, kama zile za Mwanjelwa, haitulii katikati. Ipe eneo la kutosikia (deadzone, sehemu ya katikati ambayo mchezo hauihesabu) la 3 hadi 5, na mkunjo (curvature, unaopunguza ukali wa fimbo karibu na katikati) wa 15. Ukizidisha mkunjo, kulenga kunakuwa kazi.

Kuwasha: umeme kwanza, Shift ya kulia na L. Throto (kidhibiti cha nguvu ya injini) iwe chini kabisa, ndipo Shift ya kulia na Home. Ukiruka umeme, injini hazizunguki, na utadhani programu imeharibika.

Mgao wa umeme hapa Mbeya ukikatiza upakuaji wa DCS, usianze upya, unaendelea ulipoishia. Faili zikiharibika tumia chaguo la kukarabati. Na DCS iwekwe kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), diski ya kawaida inakwamakwama vibaya.

Bado kombora la Vikhr linanishinda: leza inakubali, halirushwi. Nadhani umbali.